Bafle Nyepesi

Nimeacha kazi tangu mvua zilizopita, na tayari nimewachosha majirani. Naamka, nafagia ua niliokwisha kuufagia, naangalia simu, naiweka chini, naiangalia tena. Hakuna mzigo wangu popote duniani. Kwa miaka kumi na moja palikuwa daima na kisanduku changu mahali fulani, kwenye ghala, ndani ya ndege, juu ya meza ya forodha Entebbe, nami nilikifuata kwa kidole kwenye kioo cha simu kama mtoto anayejifunza kusoma. Sasa kidole hakina pa kwenda. Mapendo na Wilondja, ninyi mnaokaa kwenye kibanda changu pale Base Camp, Nakivale, mliniomba niwaandikie kazi ilivyokwenda. Naandika ili mikono ipate la kufanya. Naandika pia kwa sababu kuna jambo moja mmelisikia kwa watu, na watu wanalisimulia vibaya.

Nilianza bila kujua kwamba naanza. Uvira nilikuwa mpiga chapa wa parokia. Nilikuwa na vidole vyepesi na masikio yasiyovumilia kelele mbaya. Nilipofika Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda, kanisa letu lilikuwa na maikrofoni moja iliyokwaruza mpaka mahubiri yote yalisikika kama mtu anayekaanga dagaa. Nilikaa miezi nikiumia. Kisha, kwenye simu ya kuazima, nikaona maikrofoni nzuri katika duka la ng'ambo, nikajaza kila kitu walichouliza, na mwishoni duka likaniambia kwamba Uganda hawatumi. Nilirudia mara nne, maana mimi si mtu wa kuambiwa hapana mara moja.

Kijana mmoja wa ofisi ya intaneti mjini Mbarara ndiye aliyenionyesha dawa. Kuna kampuni zinazokupa anwani katika nchi lilipo duka. Unalipia mzigo, duka linaupeleka kwenye ghala la kampuni hiyo, ghala linaona namba yako, kisha linakutumia hadi huku. Niliita hiyo anwani ya kuazima. Siku niliyoipata niliisoma kwa sauti: jina langu, namba ya chumba, mtaa, mji wa Marekani. Majirani zangu walikuwa wamehojiwa miaka saba wakisubiri kupelekwa huko, na mimi nilikuwa na chumba tayari kwa dakika kumi. Chumba chenyewe kilikuwa rafu, lakini sikuwaambia.

Maikrofoni ilifika baada ya wiki tano. Siku hizo tano mara saba sikulala vizuri hata moja. Watu waliniambia haraka haraka haina baraka, na nitakufa nikiichukia methali hiyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia nikiwa nimekaa. Ilipofika na mchungaji akasema "Bwana asifiwe" na sauti ikatoka safi, kwaya tatu zilinifuata nje. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Kosa la kwanza niliungua nalo kweli. Niliagiza mikisa ya njia nane, chombo cha kuchanganyia sauti, kutoka Marekani, nikaichomeka kwenye umeme wetu, ikatoa moshi mdogo wa bluu na harufu ya ndizi iliyoungua, basi. Niliipeleka Mbarara kwa Fundi Bosco, aliyekuwa na meza nyuma ya soko. Bosco alikuwa amefanya kazi ya mawasiliano jeshini kabla ya kustaafu, na alizungumza kana kwamba kila neno lilikuwa likikatwa kwenye mgao wake. Aliigeuza mikisa, hakuangalia mbele hata kidogo.

"Wewe nasoma mbele," alisema. "Mbele ni ya kuuza. Soma mgongo."

Mgongoni palikuwa na kibandiko kidogo: volti mia moja na kumi. Yetu ni mia mbili na arobaini. Tangu siku hiyo nikahamia anwani ya Uingereza, ambako umeme wao ni ndugu wa umeme wetu. Na ninyi wawili, kabla ya kuagiza chombo chochote, tafuteni picha ya mgongo wake. Duka lisiloonyesha mgongo lina sababu.

Nilikaa kwa Bosco kila nilipofika Mbarara. Hakunifundisha kwa maneno. Alinipa kitu kilichoharibika na kuondoka kwenda kunywa chai. Alinipa pia mzani wa kuning'iniza, ule wa wachinjaji, akasema kila chombo cha sauti kina uzito wake na chuma hakidanganyi. Huo mzani ndio mnaouona kibandani. Vingine ni vidogo: kipima umeme, futi ya fundi cherehani kwa sababu makampuni hayo hulipisha hata ukubwa wa boksi na si uzito peke yake, na kisu cha kukata gundi. Betri msitume kwa ndege bila kuzitaja. Nilipoteza maikrofoni mbili zisizo na waya kwa kuona kwamba betri ni kitu kidogo.

Tatizo kubwa lilikuwa jina. Kwenye kadi yangu ya ukimbizi jina la baba linatangulia. Kwenye laini ya simu aliyeandika alianza na la ubatizo. Kwenye anwani ya kuazima niliandika nilivyozoea Kongo, yote matatu. Karani wa mizigo pale kwenye ofisi ya basi Mbarara aliviweka vitu hivyo vitatu mbele yake, akauliza ni nani kati ya wanawake hawa watatu amekuja. Nilirudi Nakivale mikono mitupu, nikaja tena, nikarudi tena mikono mitupu. Bosco alichoka kunisikia nikilalamika, akanipeleka kwa Mama Kemi.

Mama Kemi alikuwa mke wa koplo, akikaa kota za kambi ya jeshi. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye kitambulisho cha Uganda ambacho hakuna karani aliyekibishia. Kuanzia hapo mizigo yangu yote iliandikwa jina lake. Alikwenda kwenye ofisi ya basi, akaweka saini, akabeba, akaniletea pale nje ya uzio wa kambi, maana mimi kuingia ndani ilitaka ruhusa. Hakuwahi kufungua boksi hata moja. Hata kisanduku kilichopasuka njiani alikifunga kwa kitambaa ili mimi ndiye nione cha ndani kwanza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Hii ni kitu yako. Macho yangu naenda kufanya nini huko ndani?"

Alikuwa akinikuta nimesimama, natembea huku na huku kando ya barabara, ananipa kikombe cha maziwa ya Bwizibwera na kuniamuru nikae chini. "Mama Nyota, wewe nakimbia kama deni," aliniambia. Nilikaa mpaka kikombe kikaisha. Miaka saba alinipokelea mizigo, na katika miaka hiyo hakikupotea hata kiunganishi cha waya.

Sasa nafika kwenye bafle.

Kwetu Uvira, na kila mahali Kongo nilikopita, lile sanduku linalotoa sauti linaitwa bafle. Harusi bila bafle si harusi. Waganda wanasema spika, nami Mbarara nilisema spika kama wao. Lakini kichwani mwangu, na kinywani mwa kwaya yetu, lilikuwa bafle tu. Na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuagiza moja ng'ambo, kwa sababu ni nzito na kusafirisha kwake ni wazimu. Niliagiza vidogo, vikubwa nikavinunua huku.

Mwaka huo kwaya yetu ilikuwa imealika kwaya za Rubondo na Juru, pande nyingine za Nakivale, kwa mkutano mkubwa. Wanakwaya wetu walilima mahindi na maharage misimu miwili kwa ajili ya bafle mbili za nguvu. Mwenyekiti wao, Papa Asukulu, alikuja kibandani na kofia mkononi.

"Mama Nyota, tunataka bafle. Lakini ya kweli, hapana ile ya hapa yenye kulia sawa mubuzi."

Nilikuwa nimechoka siku hiyo, na nilikuwa na haraka, kama siku zote. Kwenye duka la Uingereza nikaandika neno kama tulivyoliandika Uvira, kwa herufi mbili za f. Duka likalipokea. Hilo ndilo lililonimaliza: duka lilikubali neno langu, nikajiona msomi, nikajiambia kumbe hata Waingereza wanasema hivyo. Zikaja picha za vitu vyeusi, virefu, viwili viwili, vyenye pembe safi. Kioo cha simu yangu kilikuwa na ufa uliopita katikati ya kila picha. Niliona maneno mawili niliyoyajua, la sauti na la jozi. Bei ilikuwa nzuri. Mgongo sikuutafuta.

Wiki mbili baadaye ghala la Uingereza lilinitumia taarifa: mzigo umefika, boksi kubwa, uzito kilo sita. Kilo sita. Bafle moja ya nguvu ina kilo kumi na nane, na mimi nilikuwa na mzani ukutani na maneno ya Bosco kichwani. Nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema plastiki za siku hizi ni nyepesi, tena tumeokoa pesa ya ndege. Ghala liliuliza kama nataka wafungue wapige picha. Ingechukua siku mbili zaidi. Sikutaka siku mbili zaidi. Nikabonyeza hapana.

Mzigo ulipofika Mbarara mimi nilikuwa chini na malaria. Papa Asukulu na wenzake wawili walikwenda wenyewe kuupokea. Walimkuta Mama Kemi akitoka kwenye ofisi ya basi kwa miguu na boksi kubwa kichwani, mkono mmoja umelishika, mwingine unashika mwavuli. Kwenye boksi palikuwa na mkanda wa gundi wa watu wa forodha, maana walilikata Entebbe wakalifunga tena. Wanaume walimshukuru, wakapakia, wakarudi Nakivale kwa njia ya Kabingo wakiimba.

Walilifungua kanisani, mbele ya kwaya nzima. Nilikuwa nimefika nimejifunga blanketi, kwa sababu nisingeweza kulala kitandani wakati boksi linafunguliwa. Ndani palikuwa na mbao laini nyeusi za kitambaa kizito, zimepangwa kama vitabu. Hapakuwa na waya. Papa Asukulu alitoa moja, akaibonyeza, ikabonyea. Akaweka sikio. Mtu mmoja nyuma alicheka, wengine wakamnyamazisha.

"Hii ni godoro," alisema Papa Asukulu polepole. "Bametuwekea magodoro ya batoto."

Kisha mmoja wa wale waliokwenda naye akaikumbuka ile gundi. Mwingine akamkumbuka Mama Kemi na mwavuli wake.

"Mutu moja, tena mwanamuke, anabeba bafle mbili ku kichwa? Na mwavuli? Minakataa. Banatoa bafle kule kambini, banaweka hii bintu ya bure."

Wote walinigeukia. Nilisema sijui. Wakati huo ilikuwa karibu kweli. Zile kilo sita nilikuwa nimeshaanza kuzikumbuka.

Kesho yake, na homa yangu, nilichukua ubao mmoja nikaenda Mbarara kwa Bosco. Aliutazama mara moja. Alifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya: alicheka mpaka akavua miwani.

"Wewe uliandika nini?"

Nikamwambia.

"Hiyo neno ya Kizungu ni hii. Hii. Ya kuweka kwa ukuta, ya kula sauti. Wewe uliomba kitu ya kula sauti, wakaleta kitu ya kula sauti. Sasa nani mwizi?"

Nilikaa kwenye kiti chake bila kuambiwa. Duka lilikuwa safi, ghala lilikuwa safi, forodha safi, Mama Kemi safi. Mwenye kosa alikuwa mwanamke aliyepanga kwenye ukuta wa kibanda chake vyeti vitatu vya Kiingereza. Nilimwomba Bosco asimwambie mtu. Akasema yeye hana mtu wa kumwambia, lakini mimi ninaye.

Nilikaa kimya mpaka siku ya tisa.

Nataka mwelewe, ingawa sitaki mnisamehe upesi. Nilikuwa mwanamke peke yake katika kazi hiyo. Kila nilipounganisha waya palikuwa na mwanaume nyuma yangu akisubiri uwake moto. Waliniita Mama Sono, yaani mama wa vyombo vya sauti, kwa heshima yenye kicheko kidogo ndani yake, na nilijua kile kicheko kinasubiri nini. Kama ningesema kwamba misimu miwili ya jembe imegeuka magodoro kwa sababu ya neno moja la Uvira, wangecheka mpaka Juru. Kwa hiyo kila asubuhi niliamka na nia ya kusema, nikavaa, nikatoka, nikazunguka, nikarudi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu niliitembea ikawa ndefu, kutoka kibandani hadi kanisani na kurudi, mara nyingi hata viatu viliisha.

Siku ya nne niliwasikia wanakwaya wakisema wanakwenda kambini. Nilimwambia Papa Asukulu asubiri, labda duka ndilo lilikosea. Nusu ya ukweli: mwizi hakuwapo, lakini kosa nililitupia asiyekuwepo. Akaniambia nina huruma mno.

Walikwenda watano na mashati ya kwaya. Walisimama getini wakaomba kuonana na mkubwa. Walisema, mbele ya askari wa zamu na mbele ya wanawake waliokuwa wakipita na jerikeni zao, kwamba mke wa koplo fulani ameiba mali ya kanisa la wakimbizi. Mkubwa aliandika, akafungua jalada. Koplo aliitwa. Kota ilipekuliwa, mpaka chini ya kitanda, mpaka kwenye pipa la unga. Hawakukuta kitu, lakini mkishapekuliwa mmeshapekuliwa. Koplo aliambiwa kwamba uchunguzi ukiendelea familia yake inaweza kuondolewa kota. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo nilijua moja tu, kwamba simu ya Mama Kemi ilinipigia mara tatu, na mimi, ninayepokea simu kabla haijalia, niliitazama ikilia.

Jumapili ya siku ya tisa mchungaji aliomba tuwaombee adui zetu, akamtaja yule mama wa kambini kwa jina. Watu walifumba macho. Mimi nilishindwa kufumba. Miguu ilisimama kabla yangu, nikajikuta mbele, na maikrofoni, ile ya kwanza niliyoagiza, mkononi.

"Hakuna mutu alituiba," nilisema. "Ni mimi. Niliandika bafle. Kwa Wazungu bafle ni hii. Ni mimi niliikosea, na nilijua tangu siku ya pili, na nilinyamaza."

Sauti ilitoka safi sana. Sijawahi kutamani mkwaruzo kama siku ile. Walicheka, ndiyo, wachache, upande wa vijana. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Kisha mama mmoja wa sauti ya pili alianza kulia, na Papa Asukulu aliinua mkono kuvua kofia ambayo hakuwa ameivaa, akashika kichwa tu.

"Kumbe sisi tulienda kumutukana mama ya batu," alisema. "Tulivaa mashati ya kwaya."

Kesho yake yeye na mimi tulikwenda kwa mkubwa wa kambi. Alitusikiliza, akafunga lile jalada, akatuambia tuwe waangalifu na midomo yetu. Koplo hakusumbuliwa tena. Papa Asukulu alidhani tumemaliza, akaenda sokoni kutafuta mbegu. Mimi nilisubiri nje ya uzio, pale pale nilipokuwa nikipewa maziwa, mpaka Mama Kemi alipotoka.

Hakuwa na kikombe. Alikuwa amekonda usoni. Nilimwambia yote, nikamwambia kwamba nimesema kanisani mbele ya watu wote, na kwa mkubwa pia, na jalada limefungwa.

"Nimesikia," alisema. "Umesema kanisani kwenu, kwa watu yako. Umesema kwa ofisi. Mimi sikai kanisani. Sikai ofisi."

"Unataka nifanye nini, Mama Kemi?"

"Mimi nakaa pale." Alinyoosha kidole kwenye bomba lililo nje ya uzio, ambako wake wa askari huchota maji. "Pale ndio waliniita mwizi. Nikiweka jerikeni, wanasukuma nyuma. Miaka kumi na mbili nachota hapo. Sasa mimi ni wa mwisho hata nikifika wa kwanza. Kuja useme pale."

Palikuwa na wanawake kama kumi na watano kwenye mstari. Nilikuwa na ule ubao mweusi chini ya kwapa, nilioupeleka kwa mkubwa kama ushahidi. Nilianza kwa Kiswahili changu, wakakunja nyuso. Nikaanza tena kwa Kiswahili chao, kile nilichojifunza kwa Bosco, nikavunja kila neno mpaka likaeleweka. Nilisema neno ni langu, kosa ni langu, Mama Kemi hakugusa kitu. Niliupitisha ubao. Waliubonyeza, wakaunusa, wakaupitisha nyuma. Mmoja alisema kweli hii hata mtoto anaweza kubeba.

Kisha aliyekuwa mbele kabisa, mwanamke mnene mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "Wewe ulijua lini?"

"Siku ya pili."

"Na ulisema lini?"

"Siku ya tisa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya Kiingereza, ya duka, ya gundi ya forodha. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilitazama miguu yangu, nikasema ukweli kwa sababu sikuwa na kitu kingine mkononi.

"Niliogopa watu watanicheka."

Niliuona mstari mzima. Maji yalikuwa yakijaa kwenye jerikeni ya mbele na hakuna aliyeyatazama. Mama Kemi alikuwa amesimama kando yangu na jerikeni zake mbili za manjano.

"Sasa," aliniuliza, "nani anacheka?"

Hakuna aliyecheka.

Yule mnene alifunga bomba. Akaiondoa jerikeni yake, ambayo ilikuwa bado haijajaa, akaiweka kando, akamwambia Mama Kemi apite mbele. Wengine nao wakaanza kuvuta zao nyuma, plastiki ikikwaruza kwenye saruji, mpaka pakawa na nafasi tupu mbele ya bomba.

Mama Kemi hakusogea.

"Hapana, nyabo," alimwambia yule mnene kwa heshima. "Mimi nimekuta watu kumi na tano. Mimi ni wa kumi na sita. Rudisha jerikeni."

Kisha moja moja wakazirudisha, kila moja mahali pake, na yule mnene akafungua maji. Mama Kemi akaweka jerikeni zake nyuma ya zote. Nikasimama naye. Jua lilikuwa kali na mstari ulikwenda polepole. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nikae. Walipobaki watu watatu mbele yetu, alinipa jerikeni moja niishike.